Wakati Tito Hajafika

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wakorintho 2:12, 13, 7:5–7, Wafilipi 2:25–28, 4:4–7, 1 Wafalme 19:1–21, 1 Samweli 1:1–18, 2 Wafalme 20:1–7, Marko 5:21–43.

Fungu la kukariri: 2 Wakorintho 7:6. (Lisomwe katika Biblia na kukaririwa pamoja darasani.)

Mfikirie dada mmoja, fundi cherehani, anayeishi Peramiho, kilometa kama 24 magharibi ya mji wa Songea. Mahali hapo saa za siku hujulikana kwa kengele za abasia ambayo Wabenediktini waliianzisha mwaka 1898, na Waadventista ni kundi dogo ambalo kila mmoja anajua mwenzake anakaa benchi gani. Tangu mdogo wake afariki kwa ajali ya pikipiki, dada huyu huamka saa nane usiku moyo ukimwenda mbio. Anashuka kitandani kukagua komeo la mlango, anarudi kulala, anashuka tena. Simu ikiita baada ya giza kuingia, viganja vinalowa jasho kabla hajajua anayepiga ni nani. Anaomba, anasoma Zaburi, anatulia kidogo. Usiku unaofuata ni yale yale. Hali hiyo imedumu miezi minane.

Alikwenda hospitali ya misheni akiamini kwamba ana ugonjwa wa moyo. Akapimwa moyo, damu na shinikizo. Vyote vikaonekana vizuri. Daktari akamweleza kwa upole kwamba anachougua kina jina, ni wasiwasi uliopitiliza, na kwamba kinatibika, hasa kwa vikao vya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia. Akaandikiwa rufaa. Tarehe iliyopatikana ilikuwa wiki saba mbele. Akatoka nje na kadi mkononi, pamoja na swali ambalo hakuthubutu kumwuliza daktari: na usiku wa leo je?

Dada huyu hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi wa namna hii, na kwamba ni karibu mmoja tu kati ya wanne anayepata matibabu yoyote. Nchini Tanzania wataalamu wa afya ya akili ni wachache, na wengi wao wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili na Mirembe. Kwa mtu wa kijijini Ruvuma, kungoja ni sehemu ya tiba, apende asipende.

Kwamba Mungu anaponya, wanafunzi wa Shule ya Sabato wanaamini tayari. Somo hili linahusu kile anachokitoa katika zile wiki saba.

JUMAPILI
Mlango Wazi, Roho Isiyotulia

Soma 2 Wakorintho 2:12, 13 na 7:5–7. Paulo alikuwa anamngoja nani? Kungoja huko kulimfanya nini?

Paulo alikuwa amewaandikia Wakorintho barua nzito, iliyomtoa machozi alipoiandika (2 Wakorintho 2:4). Tito alikuwa huko Korintho, naye ndiye angeleta habari za jinsi walivyoipokea. Siku hizo hakukuwa na simu ya kuuliza umefika wapi. Paulo akafika Troa akitazamia kumkuta Tito, na Tito hakuwapo.

Kinachofuata hakihubiriwi mara nyingi. Bwana alikuwa amemfungulia mtume mlango wa kuhubiri pale Troa, jambo ambalo mwinjilisti yeyote huliombea usiku na mchana, naye Paulo akashindwa kukaa. Roho yake haikutulia. Akawaaga watu, akavuka kwenda Makedonia, na huko nako mwili wake haukupata nafuu. Nje palikuwa na mapambano, na ndani palikuwa na hofu. Mtu aliyepigwa mawe Listra akainuka na kuendelea na safari aliacha mkutano wa injili kwa sababu ya wasiwasi. Roho Mtakatifu akaruhusu jambo hilo liandikwe, na halikuambatanishwa na neno lolote la kumkemea.

Mtu huyu huyu ndiye aliyeandika Wafilipi 4:6, fungu ambalo wenye wasiwasi husomewa kuliko mafungu mengine yote, na mara nyingi husomewa kama karipio. Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Biblia ya Kiswahili hawezi kuliona kwa urahisi. Neno ambalo katika Wafilipi 4:6 limetafsiriwa kwa maana ya kujisumbua, na lile ambalo katika 2 Wakorintho 11:28 limetafsiriwa kwa maana ya kuyaangalia makanisa, yanatoka katika shina moja la Kiyunani: merimna. Paulo anawaambia Wafilipi wasibebe merimna, na anawaambia Wakorintho kwamba yeye mwenyewe anaibeba kila siku kwa ajili ya makanisa yote. Katika barua ile ile ya Wafilipi, sura mbili kabla, anaeleza kwamba anamrudisha Epafrodito haraka ili yeye mwenyewe apunguziwe huzuni (Wafilipi 2:28). Kupunguziwa! Hasemi kuondolewa kabisa.

Basi Wafilipi 4 ni maneno ya mfungwa aliyekuwa akingoja hukumu yake, anayewaonyesha wenzake mahali anapopeleka mzigo kila unaporudi. Mzigo ulimrudia, naye akaupeleka tena.

Angalia pia namna faraja ilivyomfikia. Miaka michache nyuma, katika mji huo huo wa Troa, Paulo alikuwa ameona maono ya usiku, mtu wa Makedonia akimwita avuke (Matendo 16:8–10). Mungu alijua njia ya kusema na Paulo akiwa Troa. Lakini safari hii hakuna maono yaliyotajwa. Paulo anaandika kwamba Mungu huwafariji walio chini, kisha anataja njia iliyotumika: Tito alikuja. Mtu mwenye vumbi miguuni, aliyekula na kulala njiani kama watu wengine, ndiye aliyeibeba faraja ya Mungu.

Je, umewahi kuomba utulivu, ukapewa mtu? Ulimtambua mapema, au baadaye?

JUMATATU
Mkate Kwanza

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Orodhesha mambo ambayo Mungu alimfanyia Eliya kabla ya kumwuliza swali lolote.

Eliya alitoka Karmeli, ambako moto ulishuka mbele ya macho ya taifa zima. Muda mfupi baadaye anakimbia, anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake na kuomba afe. Katika habari hii Mungu hahubiri kwanza. Eliya analala. Malaika anamgusa na kumwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Malaika anamgusa mara ya pili, na sababu anayoitoa ya kumtaka ale ni kwamba mwendo ulio mbele unamzidi nguvu. Swali la Mungu linakuja Horebu, siku arobaini baadaye.

Mpangilio huo una maana kubwa kwa anayengoja tiba. Mwili uliokosa usingizi kwa miezi hauwezi kutofautisha vizuri hatari ya kweli na kivuli. Moyo unapoanza kwenda mbio saa nane usiku, mwili unafanya kazi ambayo Muumba aliuwekea, ya kumwandaa mtu kukimbia simba. Shida ni kwamba simba hayupo, na kengele haizimiki. Kumwambia mtu wa namna hiyo aongeze imani ni sawa na kumwambia mwenye homa apunguze joto.

Turudi kwa dada wa Peramiho. Wazee wa kanisa waliposikia habari zake, walipendekeza kwa nia njema kabisa kwamba afunge siku tatu, naye akakubali. Alikuwa tayari anakula mlo mmoja kwa siku na kulala saa tatu. Siku ya pili ya kufunga alitetemeka hadi akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, akahesabu kutetemeka huko kama ushahidi kwamba maombi yake yamekataliwa.

Kufunga ni jambo la Biblia, na hakuna anayelipinga. Lakini Eliya chini ya mretemu alilishwa. Darasa linaloweza kufunga na lifunge kwa ajili ya mgonjwa, naye mgonjwa ale. Tena ale kwa saa zake: uji asubuhi, ugali na maharage mchana, hata kama koo linakataa na anameza matonge machache tu.

Kuhusu usingizi, wataalamu wana mashauri rahisi ambayo hayahitaji fedha. Kuamka saa ile ile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Kutembea au kulima kidogo mwanga wa asubuhi ukiwapo. Simu ilale chumba kingine. Usingizi ukikataa, asigaagae kitandani hadi alfajiri. Aketi kitini, afanye jambo tulivu, arudi kitandani usingizi ukija. Waadventista wengi wameacha kahawa zamani, hata huku Ruvuma ambako Mbinga wanailima, lakini wapo ambao hawanywi kahawa na bado wanakunywa zile soda za kuongeza nguvu zinazouzwa kwenye kila kioski. Kafeini ni ile ile, na moyo unaokwenda mbio hauiulizi imetoka kwenye chupa gani.

Vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila cheti havimo katika mashauri haya.

JUMANNE
Macho ya Eli

Soma 1 Samweli 1:7–18. Eli aliona nini? Nini hakukiona?

Mwaka kwa mwaka Hana alilia na kushindwa kula. Alipoomba hekaluni midomo ikicheza bila sauti, kiongozi wa dini aliyeketi karibu na mlango akamtazama na kufikia uamuzi: huyu amelewa. Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na macho yake yalikuwa yamezoea walevi.

Dada wa Peramiho alikutana na akina Eli wawili. Wa kwanza ni shangazi yake, aliyesema kifo cha kijana yule hakikuwa cha kawaida na kwamba familia imwendee "mtaalamu". Kila aliyekuwa sebuleni alielewa ni mtaalamu wa namna gani. Dada akajibu, "Shangazi, shikamoo yako naipokea kwa heshima zote, lakini huko siendi. Mtaalamu wangu yuko kwenye hii kadi." Jibu hilo lilimgharimu, shangazi hakumpigia simu kwa mwezi mzima.

Eli wa pili alikuwa mgumu zaidi kwa sababu alitoka kanisani. Shemasi mmoja, mama mwenye umri wa mama yake, alimwambia baada ya ibada, "Mwanangu, aliye na Yesu hana wasiwasi. Hebu jichunguze, huenda kuna dhambi hujaitubu." Dada akajichunguza. Mwenye wasiwasi hahitaji kuhimizwa kujichunguza. Hiyo ndiyo kazi anayoifanya usiku kucha. Akakumbuka makosa ya tangu darasa la tano, akayatubu yote, na saa nane usiku akaamka kama kawaida. Sabato iliyofuata hakwenda kanisani.

Hana alimjibu Eli kwa adabu, akamweleza kwamba alikuwa akimimina nafsi yake kwa sababu ya wingi wa uchungu. Heshima kwa Eli ni kwamba alisikia, akabadili kauli yake pale pale na kumbariki. Wazee wachache hubadili kauli mbele ya mtu mdogo kwao. Na tazama fungu la 18: Hana akaenda zake, akala, na uso wake haukuwa tena na huzuni kama ile. Hakuwa amepata mimba. Hali yake ilikuwa ile ile ya asubuhi, isipokuwa sasa mtu alikuwa amemsikiliza hadi mwisho bila kumhukumu.

Yule shemasi wa Peramiho, Sabato ya pili alipoona benchi ni tupu, alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa fundi cherehani. Alibeba ndizi mbivu. Akaketi, akasema, "Mwanangu, nilikosea kusema vile. Sasa nieleze wewe, mimi nitanyamaza."

Ikiwa umewahi kuwa Eli kwa mtu fulani, je, ungali na nafasi ya kwenda kwake? Utabeba nini?

JUMATANO
Benchi Chini ya Mti

Soma Wagalatia 6:2 na Mhubiri 4:9–12. Ni mizigo gani ambayo mtu asiye daktari anaweza kusaidia kuibeba?

Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na huzuni isiyomwacha. Mgonjwa wake mmoja, mwanamke kijana, alikuwa amejiua. Familia ilikuwa imeshindwa kupata nauli ya basi ya kumleta hospitalini. Chibanda alitafuta njia ya kuwafikia watu walio mbali na daktari. Katika kitongoji cha Mbare hakupewa chumba wala wauguzi. Alichopewa ni bibi 14, wahudumu wa afya wa jamii, na mahali pa kuketi nje ya zahanati. Bibi hao wakafundishwa kumsikiliza mtu benchini kwa utaratibu maalumu. Katika lugha ya Kishona ugonjwa wenyewe walikuwa na jina lake tayari, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili anayesema ana "mawazo" angeelewana nao vizuri.

Utaratibu wa bibi hao hauna siri. Mgeni anaeleza shida zake zote. Bibi anamsaidia kuzitenganisha moja moja, kisha mgeni mwenyewe anachagua moja tu, ile inayowezekana kuguswa wiki hii. Wanapanga hatua ndogo. Wiki inayofuata wanaulizana imekwendaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika zahanati za Harare. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa benchini ni karibu 14 katika kila 100 waliobaki na dalili za sonona. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50 katika kila 100. Mpango huo umefika hadi Malawi na Zanzibar.

Shemasi wa Peramiho hakuwa amesikia habari za Harare, wala hakuwa na mafunzo ya wale bibi, na ni vizuri tofauti hiyo ikumbukwe. Lakini alikuja kila Jumatano, wakaketi chini ya mwembe. Waliona kwamba shida zimefungamana: kifo cha mdogo wake, deni la cherehani, komeo la mlango, aibu ya kanisani. Dada akachagua komeo. Wakakubaliana kwamba atalifunga mara moja, atasema kwa sauti "nimefunga", na akiamka usiku hatashuka kukagua. Usiku wa kwanza alishuka mara tatu badala ya nane. Shemasi akahesabu hiyo kuwa habari njema.

Jambo la pili lilikuwa daftari. Mwenye wasiwasi akiambiwa asiwaze, huwaza zaidi. Ni rahisi kwake kuambiwa awaze baadaye. Dada akatenga nusu saa, saa kumi na moja jioni, ya kuketi na kuandika kila hofu iliyomjia siku hiyo. Hofu ikija saa nne asubuhi, anaiambia ingoje saa yake. Nyingine zikifika jioni zinakuwa zimepungua uzito. Nyingine hazipungui, nazo ndizo za kupeleka kwa Mungu kwa majina yake, kama Wafilipi 4:6 inavyoelekeza, haja kwa haja. Ukurasa wa mwisho wa kila siku uliachwa kwa shukrani, hata kama ni mstari mmoja. Siku moja aliandika tu: "Ndizi."

Na moyo ukianza mbio usiku? Kuvuta pumzi kwa pua taratibu, na kuitoa polepole zaidi kuliko ilivyoingia, kwa dakika kadhaa. Miguu sakafuni. Kutaja kwa sauti vitu vinavyoonekana chumbani. Wimbi hupanda, hufika kileleni, hushuka lenyewe. Mwili hauwezi kukaa kileleni usiku kucha, hata kama mwenyewe anaamini unaweza.

Suala la kanisani lilihitaji busara. Wasiwasi hukua kwa kukimbiwa. Anayekosa ibada kwa kuogopa kutetemeka hupata nafuu Sabato hiyo, na Sabato inayofuata mlango wa kanisa unaonekana mbali zaidi. Walikubaliana aketi benchi la mwisho, karibu na mlango, akiwa na ruhusa ya kutoka nje na kurudi bila mtu kumfuata wala kumwuliza. Mkuu wa Shule ya Sabato akaambiwa asimwite kusoma fungu kwa kushtukiza. Hayo yote hayakuhitaji bajeti wala kikao cha baraza.

Neno moja halisubiri tarehe ya kadi. Mtu akianza kusema kwamba ni afadhali asiwepo, au kugawa vitu vyake, au kuzungumzia njia ya kujidhuru, apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, hata kama ni Sabato, hata kama ni usiku. Asiachwe peke yake. Bwana alimfungua siku ya Sabato mwanamke aliyefungwa miaka kumi na minane, na akamjibu mkuu wa sinagogi aliyetaka angoje kesho (Luka 13:10–17).

ALHAMISI
Tini za Hezekia

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Ahadi ilitolewa lini, na dawa iliwekwa lini?

Isaya hakuwa amefika nje ya ua alipoagizwa kurudi kumwambia mfalme kwamba ataponywa na ataongezewa miaka kumi na mitano. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa na Mungu mwenyewe. Ndipo Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hezekia angeweza kusema kwamba baada ya neno la Bwana tini ni kukosa imani. Hakusema. Akaziweka.

Waadventista wanalo jambo la kukumbuka katika historia yao wenyewe. Tarehe 16 Agosti 1865 James White, aliyekuwa na miaka 44, alipatwa na kiharusi kilichotokana na kazi nyingi mno. Nguvu zilipotea, na pamoja nazo ujasiri. Mtu aliyezoea kuongoza akawa mwenye hofu na asiyetaka kufanya kazi. Ellen White alimpeleka Dansville, New York, kwa matibabu ya maji. Walikaa huko miezi kama mitatu. Alishukuru kwa mengi, lakini hakukubaliana na ushauri kwamba mgonjwa asifanye kazi yoyote na kwamba dini inamchosha akili. Akamwondoa. Nafuu ilichukua zaidi ya mwaka, na haikwenda moja kwa moja. Kulikuwa na siku za kurudi nyuma. Huko Greenville, Michigan, wakati wa kuvuna majani makavu ya mifugo, aliwaendea majirani kimyakimya na kuwaomba wakatae mumewe atakapowaita kusaidia, ili ashike kazi mwenyewe. Walikataa kama walivyoombwa, naye akaishika. Mwaka 1869 James White alikuwa tena rais wa Konferensi Kuu.

Katika miezi hiyo watu waliomba sana kwa ajili yake, na wakati huo huo alipewa matibabu, hewa safi, mwendo na kazi. Ni katika kipindi hicho hicho cha ugonjwa, Desemba 1865, ndipo Ellen White alipopewa nuru kwamba kanisa lianzishe taasisi yake ya afya, na Septemba 1866 ikafunguliwa Battle Creek. Ni ajabu kidogo kwamba kanisa lililoanza kazi ya hospitali namna hiyo bado lina washiriki wanaoficha kadi ya kliniki ndani ya Biblia ili isionekane.

Wiki ya tano, dada wa Peramiho alilala vizuri usiku nne mfululizo. Ibadani alitoa ushuhuda mfupi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Watu walifurahi, wengine walilia. Nje ya kanisa ndugu mmoja akamwambia, "Dada, Bwana ametenda. Kadi ya nini tena? Hiyo nauli ya Songea si bora ununulie nyuzi?"

Alikwenda nyumbani akiifikiria. Nauli ilikuwa ya kweli, na nyuzi zilikuwa zimekwisha. Usiku wa tano aliamka saa nane.

Wenye uzoefu wa jambo hili wanajua kwamba nafuu ya wiki ya tano ndiyo inayofanya mazungumzo ya wiki ya saba yawe na faida, kwa sababu mtu aliyelala kidogo anaweza kusikia, kukumbuka na kufanya mazoezi anayopewa. Kufuta tarehe kwa sababu ya nafuu ni kama kuvunja kuta wakati bati limefika. Ikiwa daktari atampa pia dawa za kumeza, azimeze kama zilivyoandikwa, na asiziache ghafla siku anayojisikia vizuri. Aseme na daktari kwanza.

Shemasi alitatua suala la nauli kwa namna yake. Alisema atakwenda naye, maana ana jambo lake mjini. Hakuwa na jambo lolote mjini.

Ni watu wangapi katika darasa lenu wanaojua tarehe ya kliniki ya mtu fulani, na siku hiyo watakuwa wapi?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Marko 5:21–43, ukimtazama Yairo badala ya yule mwanamke. Binti yake yu karibu kufa, na Yesu anasimama njiani kuuliza nani amemgusa. Kwa baba huyo kila sentensi ya mwanamke yule ni ndefu mno. Marko haandiki Yairo alisema nini wakati huo. Huenda hakuweza kusema. Habari mbaya inapokuja, Yesu anamjibu Yairo kabla hajafungua kinywa, kisha anatembea naye njia iliyobaki. Zingatia kwamba hakumwambia Yairo atangulie nyumbani na kungoja huko.

Wengine hulitumia fungu la 26, juu ya waganga waliomaliza mali ya yule mwanamke, kusema kwamba tiba ni bure. Lakini Marko anaeleza mateso yake. Hamlaumu kwa kuitafuta tiba. Na Luka, aliyesimulia kisa hicho hicho, Paulo anamtaja kama tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14). Soma pia Zaburi 13, uhesabu ni mara ngapi mwimbaji anauliza "hata lini", na uone ni katika fungu la ngapi anaanza kuimba.

Maswali ya Kujadili

1. Paulo aliondoka Troa, mlango ukiwa wazi. Je, kanisa lenu linamruhusu kiongozi kusema waziwazi kwamba wiki hii roho yake haikutulia? Kama sivyo, viongozi hupeleka wapi jambo hilo?

2. Mtu mwenye wasiwasi wa kudumu anaomba kushiriki katika kufunga kwa kanisa. Mtamshauri nini, na mtamwambiaje bila kumfanya ajione ametengwa?

3. Jadilini tofauti kati ya wasiwasi unaotokana na dhamiri iliyoshtuka na wasiwasi ambao ni ugonjwa. Ni hatari gani hutokea kila mmoja unapodhaniwa kuwa mwingine?

4. Kutoka kwenye kanisa lenu hadi kwa mtaalamu wa afya ya akili aliye karibu ni kilometa ngapi, nauli ni shilingi ngapi, na huduma hutolewa siku gani? Ikiwa hakuna darasani anayejua, ni nani atakayekwenda kuuliza kabla ya Sabato ijayo?

5. Wiki ya saba, ndani ya daladala kuelekea Songea, moyo wa dada yule unaanza kwenda mbio, naye anataka kushuka katikati ya njia. Shemasi ameketi pembeni yake. Afanye nini?